Jibu: Kamera mbili za GigE (zinazotuma picha kwa kebo ya mtandao), picha zinakuja na mistari myeusi

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, kamera moja inakwenda vizuri, ukiwasha ya pili programu inalalamika fremu hazijakamilika. Usikimbilie kununua kebo. Piga hesabu kwanza: pikseli milioni 5, biti 8 kila pikseli, fremu 20 kwa sekunde, hiyo ni megabaiti 100 kwa sekunde kwa kamera moja. Mlango wa mtandao wa gigabiti 1 mwisho wake megabaiti 125 kwa sekunde, na hapo hujatoa vichwa vya pakiti (data ya ziada inayotangulia kila kifurushi cha data). Kamera mbili hazipiti! Shusha kila moja hadi fremu 10, au zipe milango tofauti. Kwangu hilo ndilo lilimaliza tatizo. Halafu pandisha MTU (ukubwa wa juu wa pakiti moja, kwa baiti) ya kadi ya mtandao kutoka 1500 hadi 9000. Hujasema unatumia swichi gani (kifaa cha kuunganisha kebo za mtandao). Nayo lazima ikubali pakiti kubwa.