Kazi ya TEHAMA wape, funguo baki nazo

Jumatatu moja ya mwezi Machi barua pepe za kampuni yetu zilikatika. Tulikuwa tunauza vifaa vya ujenzi kwa jumla hapa Dar es Salaam, wafanyakazi kama 40, na mimi ndiye niliyekuwa nasimamia ofisi. Wateja wa Mwanza na Mbeya walituma oda, zote zikawarudia. Nikampigia fundi wetu wa zamani wa TEHAMA. Simu iliita mpaka ikakata.

Mwezi mmoja kabla, tulikuwa tumevunja mkataba na kampuni iliyotuhudumia kwa miaka 6. Sisi tulikuwa na malalamiko, wao walikuwa wanatudai ankara 2, tukaachana kwa maneno makali. Hakuna aliyekumbuka kuuliza domeini yetu, lile jina linaloishia na .co.tz, imesajiliwa kwa nani. Ilisajiliwa kwao. Jina la mmiliki ni lao, anwani ya mawasiliano ni yao, kwa hiyo usajili ulipokaribia kwisha, taarifa ya kulipia ilikwenda kwao na ikaishia huko huko. Usajili ukaisha bila kulipiwa, na barua pepe zinazotumia jina hilo zikakatika. Jina lililobandikwa kwenye magari yetu yote, kwa maandishi halikuwa letu hata siku moja.

Kulirudisha kulituchukua siku 9. Cheti cha BRELA, leseni ya biashara, barua juu ya barua, na hatimaye kukaa meza moja na watu tuliogombana nao na kuwalipa ankara zao. Siku hizo 9 oda zilikuja kwa WhatsApp kwenye simu yangu binafsi, nyingine usiku wa manane, na zipo zilizopotea kabisa.

Simkatazi mtu kutoa kazi hii nje. Kampuni ya watu 40 haiwezi kuajiri mtaalamu wa mtandao, wa usalama na wa programu kwa pamoja. Hata wakubwa hutoa: mwaka 1989 Kodak iliwakabidhi IBM vituo vyake vya data, na makampuni mengi yakafuata njia hiyo. Toa ukarabati wa kompyuta, toa seva, yaani kompyuta kuu zinazohifadhi data, toa huduma ya barua pepe. Lakini domeini isajiliwe kwa jina la kampuni yako, na taarifa zake zije kwenye anwani ambayo haitegemei domeini hiyo hiyo. Paswedi kuu za kila mfumo ziandikwe, zifungwe kwenye bahasha, zikae kwenye sefu ya uhasibu, na zikibadilishwa bahasha nayo ibadilishwe.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kuwa na mtu wa ndani anayeelewa. Si lazima awe mhandisi. Kwetu ni dada wa uhasibu, ana daftari gumu la kaunta ambamo ameandika kila leseni, tarehe ya kulipia, kilichomo kwenye kila seva na fundi aliyekuja siku gani kufanya nini. Mkandarasi akisema "mfumo uko sawa", yeye anauliza umepimwa vipi.

Swali hilo lina uzito hata kwa benki. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamia mfumo mpya uliojengwa na kampuni dada ndani ya kundi lake. Wateja wakashindwa kuingia kwenye akaunti zao, na hali haikutengemaa kikamilifu mpaka Desemba. Mwaka 2022 wadhibiti waliitoza benki hiyo faini ya zaidi ya pauni milioni 48, na mwaka uliofuata aliyekuwa mkuu wa TEHAMA akatozwa faini yeye mwenyewe, kwa kutosimamia ipasavyo kazi waliyopewa wengine. Kazi ilifanywa na wengine, dhima ikabaki kwake.

Hapa kwetu pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Namba za simu za wateja wako zikivuja kutoka kwenye seva ya mkandarasi, usitegemee kwamba utajibiwa na yeye peke yake. Wewe ndiye uliyezikusanya.

Kuhusu mkataba nitasema machache. "Huduma ya haraka" haipimiki. Andika ndani ya saa ngapi fundi awe amefika, na asipofika anakatwa nini. Weka pia kifungu cha makabidhiano, cha jinsi watakavyokukabidhi kila kitu mkiachana, mkiwa bado mnacheka pamoja, kwa sababu mkishagombana hakuna atakayekisaini.

Na bakapu, yaani nakala ya akiba ya data. Mkandarasi wa kwanza alikuwa akituletea ripoti kila mwezi kwamba bakapu imefanyika, nasi tunaweka kwenye faili. Siku hizi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunachukua kompyuta tupu, tunarudishia data zote kutoka kwenye bakapu na kuzifungua moja moja, fundi wa mkandarasi mpya akiwa amekaa pembeni. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo, faili la mishahara lilikataa kufunguka. Tulijaribu mara 3, likakataa. Fundi alilitengeneza siku hiyo hiyo, na mishahara ya mwezi ule ilitoka tarehe yake.