Shiva inaisha lini ikiwa mazishi yalikuwa Jumanne?

Pole sana ndugu yangu kwa msiba wa mzee. Umeuliza shiva, yaani matanga ya Kiyahudi ya siku saba, inaisha lini ikiwa mlizika Jumanne saa tisa alasiri, na kama Shabati (siku ya mapumziko, Ijumaa jioni hadi Jumamosi usiku) inaikatiza.

Jumanne yenyewe ndiyo siku ya kwanza, maadamu kaburi lilifukiwa na mkaanza kukaa matanga kabla ya jua kuzama. Wengi huiruka siku hiyo wakajiongezea kazi bure. Ya saba ni Jumatatu, na hapo hamngoji jioni: baada ya sala ya asubuhi kaeni kidogo, waliopo wawape maneno ya faraja, kisha inukeni. Sehemu ya siku ya saba huhesabiwa siku nzima.

Shabati haikatizi, imo ndani ya zile saba. Ila maombolezo ya hadharani husimama: Ijumaa kabla ya jua kuzama vaa viatu vya ngozi na nguo isiyochanwa, ukae kiti cha kawaida. Jumamosi usiku unarudi kukaa chini kama mwombolezaji. Kinachofuta siku zilizobaki ni sikukuu kama Pasaka ya Kiyahudi au Sukoti (sikukuu ya vibanda) ikiingia katikati.

Nguo uliyoichana upande wa moyo kuonyesha msiba, kwa kuwa ni mzazi, usiishone. Baada ya siku 30 unaweza kuishikiza kwa mishono mipana tu.

Kadishi, sala ya waombolezaji, inahitaji watu kumi, wakipungua, msiiseme. Na kama kuna ndugu ambaye hakufika mazikoni, amuulize rabi mapema, maana siku yake ya kwanza huenda ikawa tofauti na yenu.