Jibu: Sinkrotroni Pemba, mbunifu anaanzia wapi?

Sheikh, umeuliza kama sinkrotroni, yaani mashine ya duara inayozungusha elektroni ili zitoe mwanga, inaweza kujengwa Pemba na mbunifu anaanza na nini. Anaanza na sumaku, jengo baadaye. Elektroni zinazokwenda karibu na kasi ya mwanga, sumaku zikizipinda, hutoa mwanga mkali sana, eksirei zikiwemo. Kinachotafutwa ni kundi la elektroni liwe jembamba. Kulipinda kwa ghafla hulitawanya, ndipo sinkrotroni ya MAX IV ya Lund, Sweden, iliyozinduliwa 2016, ikagawa kila kona kwa sumaku saba zinazopinda kidogo kidogo. Duara lake kubwa lina mzunguko wa mita 528. Brazil na Ufaransa wakalifuata wazo hilo.

Gharama yake ipo. Sumaku husogezwa karibu na elektroni, bomba zinamopita linakuwa jembamba, na kulitoa hewa inakuwa shida. Lund walipaka ndani ya bomba utando unaonasa gesi. Kwangu mimi hapo ndipo ufundi ulipo hasa.

Sasa Pemba. Mawimbi ya bahari hutikisa ardhi, nasi bahari imetuzunguka. Umeme wetu nao unakuja kwa waya wa baharini kutoka Tanga, na Unguja ilikaa gizani kama miezi mitatu 2009 hadi 2010. (Mashine hii haijui mgao!)

Afrika bado haina sinkrotroni hata moja ya mwanga. Itazame ile ya SESAME, Jordan, iliyofunguliwa 2017: walianza na vipande vya mashine kuukuu ya Ujerumani, wakaishia kujenga duara jipya la mita 133.