Jibu: Kobold na wenzake katika NetHack

Mkuu, umeuliza kama majina ya mazimwi wa NetHack, ile gemu ya kompyuta ya kuvinjari mapango, yalibuniwa na waunda gemu wenyewe. Machache tu. Kobold ni pepo wa ngano za Kijerumani. Wachimba madini walimsingizia kila walipopata mawe yaliyoonekana kuwa na fedha, wakiyayeyusha wanaambulia moshi wenye sumu ya aseniki, fedha hamna. Metali ya kobalti, aliyoitambua mkemia Georg Brandt miaka ya 1730, imebaki na jina la huyo kobold. Ghoul katoka kwa Waarabu, wale majini wa jangwani.

Kichekesho ni rust monster, yule anayeitia deraya yako kutu kwa kuigusa tu: Gary Gygax alimtoa kwenye kidude cha plastiki cha kuchezea watoto, akamwingiza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika aliouunda pamoja na Dave Arneson, miaka ya 1970, NetHack ikamrithi.