Mkuu usijaze gesi hiyo AC, msimamishe fundi kwanza

Mpigie sasa hivi mwambie asije na mtungi wake, halafu ndio urudi kusoma.

Umesema AC yako ni ya 2011, uko Kigamboni, siku hizi inatoa kaubaridi ka kinafiki, fundi kaja kasema "gesi imeisha", atajaza, na ikigoma atabadili kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, sasa unauliza utengeneze au ununue mpya. Hilo la gesi imeisha niliambiwa na mimi hivyohivyo neno kwa neno, sijui hawa watu walikaa dawati moja.

Gesi ya AC HAIISHI. Imefungiwa kwenye mabomba ya kopa inazunguka humohumo miaka nenda rudi, sio mtungi wa jikoni kwamba mwezi huu mmechemsha sana maharage. Ikipungua ujue kuna sehemu inavuja, hakuna maelezo mengine. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu anajua kabisa atarudi, na mimi wangu alirudi kila joto la Desemba likianza, anaweka geji ya presha, anajaza, chumba kinakuwa baridi kama Makambako siku kadhaa, anachukua chake anasepa. Mama watoto akaanza kumwita shemeji maana alikuwa anakuja kwetu kuliko ndugu zangu wa damu.

Lakini hizo za kujaza ni hela ndogo, iliyoniua ni kompresa. AC ikifanya kazi na gesi pungufu kompresa inateseka, kwa sababu ile gesi inayorudi ndiyo inayoipoza, na oili nayo inatoka kidogokidogo pale panapovuja, kwahiyo inachemka mpaka inajikata. Jamaa akaniambia kompresa imechoka mzee, leta hela tubadilishe itakuwa kama mpya. Nikatoa. Kompresa mpya kabisa, kaifunga kwenye koili ileile iliyotoboka, yale mabomba yaliyojikunja gesi inamopita, hakupima, pampu ya vakyumu ya kunyonya hewa hata hakuja nayo, akatoa hewa kwa kufungulia gesi kidogo ipige pshhh akasema tayari bosi. Ile hewa na unyevu ukibaki ndani vinachanganyika na oili vinatengeneza asidi inayokula waya za kompresa, na tundu lipo palepale linaendelea kuvuja, wewe unategemea nini? Ikaungua. Namuuliza ananijibu umeme wa Mbezi unacheza sana mzee. Umeme! Hela niliyokuwa nimeshampa jumla ningenunua AC mpya na stabilaiza yake na chenji ya kula kitimoto ikabaki. Kile kiboksi bado kipo ukutani, kuku wanalala juu, angalau kuna wanaofaidi.

Sasa wewe kabla hujatoa hata mia, nenda kasome stika kwenye boksi la nje. Kwa umri huo kuna uwezekano mkubwa imeandikwa R22. Hiyo gesi inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu inaharibu ozoni, nchi kama zetu zilitakiwa ziwe zimeipunguza kwa asilimia 67.5 kufikia 2025, na 2030 inabaki kidogo sana ya matengenezo tu. Maana yake unajaza kitu kinachozidi kuadimika kwenye mashine inayovuja. Na asikudanganye atakuwekea gesi nyingine ya R410A kwenye mashine ya R22, presha yake ni kubwa kwa kama asilimia 60 na oili yake tofauti. Kuna wengine wanachomekea gesi ya kupikia, hao wafukuze kabisa, usije ukalipukiwa bure.

Mwambie aje na nitrojeni, aijaze kwenye mfumo, apake povu la sabuni kwenye maungio, geji iachwe tuone kama inashuka. Tundu likikutwa kwenye nati au ungio, hapo tengeneza hata kama AC ni kuukuu, anakaza au anachomelea, anavuta vakyumu, anapima gesi kwa mizani kulingana na stika. Kapasita (kile kifaa cha umeme kinachosaidia mota kuwaka), feni, filta chafu, mfereji wa maji kuziba, hivyo navyo ni vya kutengeneza, usinunue AC kisa kapasita. Lakini likikutwa kwenye koili yenyewe, na huko Kigamboni chumvi ya bahari inavyozila hizo koili, na ni R22, basi acha, kanunue mpya. Tundu halijaonekana, gesi haiingii. Akikuambia kupima ni kupoteza muda huyo sio fundi ni mtegemezi wako, wewe ndio unamlisha.

Ukishapima weka hapa picha ya stika na ya koili tuone kutu imefika wapi. Na advansi ya kompresa usimpe mtu, hata akisema anaenda Kariakoo anarudi sasa hivi.