Muulize Shangazi: Baunsa na mtungi wa gesi

Shangazi, shikamoo. Mume wangu ana miaka 43. Tangu Januari amejiunga na jimu iliyo kama mita 600 tu kutoka nyumbani, na huko anaenda kwa bodaboda, eti asije akachoka kabla ya mazoezi. Asubuhi anakula mayai sita, meupe yake tu. Viini ananiachia mimi na watoto mpaka tumevichukia. Anajisifu kwamba sasa ananyanyua kilo 80. Juzi gesi ikaisha, nasi tunakaa ghorofa ya tatu. Akanijibu, "Leo siku ya miguu, mikono inapumzika." Mtungi ukapandishwa na kijana wa boda kwa buku mbili. Halafu kuna ile saa ya kuhesabu hatua: saa tano usiku anazunguka kitanda mpaka zitimie 10,000. Wiki iliyopita nimemkuta amemfunga mwanetu ile saa mkononi, kamtuma akacheze mpira. Nimfanyeje?
Mke wa Baunsa, Kijitonyama

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nikacheka, ya pili nikapiga hesabu. Ule mtungi mkubwa una gesi kilo 15, na chuma chenyewe uzito wake ni kama huohuo. Jumla haifiki nusu ya hizo 80 zake. Na kama ilikuwa siku ya miguu, ghorofa ya tatu hupandwa kwa nini, kwa masikio?

Usidhani nasema nisilolijua. Mwaka juzi mtoto wa kaka yangu alinilipia jimu mwezi mzima. Nikaenda na dera langu na raba nyeupe. Mwalimu, kijana wa miraba minne juu, chini njiti za mishikaki, akanipandisha kwenye mashine ya mkanda, akabonyeza, kisha akaenda zake kwenye kioo kujipiga picha. Mkanda ukashika kasi. Nikarudi kinyumenyume kama aliyeshuka daladala haijasimama, nikatua kwenye mapaja ya mzee mmoja aliyekuwa anapumzika na gazeti lake. Siku zilizobaki nilimwachia yeye.

Baadaye ndipo nikasoma kwamba babu wa mashine ile alitengenezewa wafungwa. Mhandisi William Cubitt aliibuni Uingereza mwaka 1818: gurudumu kubwa lenye vipandio, mfungwa anakanyaga saa nyingi kutwa, hafiki popote. Ikaja kufutwa na sheria ya magereza ya 1898. Wale walau walikuwa hawalipi ada.

Na hizo hatua 10,000 zinazomzungusha kitandani, mwambie si daktari aliyeziandika. Baada ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, kampuni moja ya Japani ilitoa kifaa cha kuhesabu hatua mwaka 1965, ikakipa jina manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la kuuzia bidhaa, namba ikanata. Kutembea kunamfaa sana, tena umri huo. Ila akifika 8,000 usiku ule azime taa, nawe upate usingizi. Za mtoto zisihesabiwe, labda amlipe kama alivyomlipa yule wa boda.

Ila jimu usimkataze. Mwanaume wa miaka 43 anayeamka mapema kwa hiari yake si wa kuvunjwa moyo, na mwenzake wa nyumba ya pili pengine hata ngazi zinamshinda. Bodaboda ndiyo uikate: nauli ya kwenda na kurudi iingie kwenye kopo la gesi. Viini usiwapikie watoto tena, vikande kwenye unga wa maandazi, vinalainisha kweli. Akiomba moja mwambie ni siku ya kupumzisha tumbo.

Na mtungi? Nenda kanunue kioo kirefu, ukitundike kwenye kona ya ngazi pale ghorofa ya pili. Atapandisha wako, atawagongea na majirani.