Binti anataka kuhama chuo cha sanaa akiwa mwaka wa pili. Semista tulizolipa zitapotea?

SWALI: Habari mwalimu. Mimi nauza vitenge sokoni Busia, upande wa Uganda. Binti yangu ana miaka 20, anasoma usanifu wa grafiki kwenye chuo cha binafsi hapo Kampala. Sasa anasema roho yake iko kwenye ufinyanzi na uchapaji wa vitambaa, na chuo chake hakina hata tanuri. Anataja Makerere, Kyambogo, Nkumba, siku nyingine Nairobi. Baba yake anasema amalize alichoanza. Nimeshalipa semista tatu. Akihama zitapotea? Na sisi tusiojua sanaa tutachaguaje chuo? – Mama wa Busia

JIBU: Nzuri, mama. Nianze na hizo semista tatu, maana najua ndizo zinazokunyima usingizi.

Masomo ya chuo kikuu hapa kwetu hupimwa kwa krediti. Krediti moja ni saa 15 za darasani kwa semista, na saa mbili za karakana huhesabiwa kama saa moja ya darasani. Kwa hiyo somo la kuchora la krediti nne, likiwa lote ni la vitendo, limemla binti yako saa 120. Idara inayompokea haitazami jina la somo tu. Inauliza alifundishwa nini, kwa saa ngapi, na alipata alama gani. Kuchora, rangi, misingi ya usanifu na historia ya sanaa kwa kawaida havisumbui, kwa sababu kila shule ya sanaa huvifundisha. Yale masomo ya programu za kompyuta ndiyo yanayokosa pa kukaa mtu anapoingia kwenye udongo. Mimi ningejiandaa kwa habari hii: sehemu kubwa ya mwaka wa kwanza inavuka, semista ya tatu inakatwakatwa. Na hata wangempa krediti zote, nisingependa aruke semista ya mwanzo ya ufinyanzi. Udongo haukubali kurukwa.

Chukueni karatasi mbili kwa msajili wa chuo cha sasa: transkripti, yaani orodha rasmi ya masomo na alama zake, na maelezo ya kila somo alilosoma. Wazazi wengi huisahau hiyo ya pili, kumbe ndiyo idara husoma. Ziombeni sasa, angali mwanafunzi na hana deni la ada. Niliwahi kumwona kijana aliyehama kwanza na kuomba karatasi baadaye. Chuo chake cha zamani kilimzungusha hadi akaanza upya mwaka wa kwanza, na kazi zake zilikuwa nzuri kuliko za mwaka wa tatu.

Kisha binti mwenyewe aende kwa mkuu wa idara anayoitaka, kabla ya kulipa fomu yoyote, aulize: masomo yapi mtayakubali, nitaingia mwaka gani, na je, kuna kikomo cha krediti za kuhamisha? Jibu liwe la maandishi. Aende mwenyewe, mama. Mzazi akimsemea mtoto wa miaka 20, tulio upande wa pili wa meza tunaanza kujiuliza nani anayetaka kusoma. Hakikisheni pia kwamba Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, limeidhinisha si chuo tu bali na programu yenyewe. Ni vitu viwili.

Kuhusu vyuo. Shule ya sanaa ya Makerere ina jina la Margaret Trowell, aliyeianzisha miaka ya 1930. Gregory Maloba, Mkenya aliyechonga ile sanamu ya Uhuru ya mwaka 1962 pale katikati ya Kampala, alipitia mikononi mwake. Kyambogo iliundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu, mojawapo ya walimu, kwa hiyo mulizeni binti kama siku moja atataka kufundisha. Nkumba, njia ya Entebbe, ina shule yake ya sanaa na usanifu. Kuhusu Nairobi, ni kweli marais wa Afrika Mashariki walitangaza mwaka 2017 kwamba eneo letu ni moja kwa elimu ya juu, lakini anayeamua krediti bado ni mkuu wa idara, na kodi ya chumba mtalipa ninyi.

Jina kubwa halichomi vyungu. Nendeni katikati ya semista, siku ya kazi, si siku ya wageni. Ulizeni tanuri lilichoma lini mara ya mwisho, udongo na glezi (ile rangi ya kung'arisha vyungu) hununuliwa na nani, na umeme ukikatika katikati ya uchomaji wanafanyaje. Waulizeni wanafunzi, si ofisi. Na kwenye chumba cha vitambaa, mama, wewe ndiye mtaalamu. Unasema hujui sanaa, lakini unageuza kitenge upande wa nyuma na kujua papo hapo kama rangi imepenya. Geuza vya wanafunzi vivyo hivyo.

Potifolio yake, yaani mkusanyo wa kazi atakazoionyesha idara, isiwe grafiki tupu. Kazi kumi na tano zinatosha: michoro ya mkono ya vitu halisi, daftari la majaribio pamoja na yaliyoharibika, na mpango wa rangi alioutoa kwenye meza yako sokoni. Apige picha karibu na dirisha, bila flashi.

Baba yake hajakosea kabisa. Kama kinachomkimbiza ni ugomvi na mwalimu fulani, amalize. Likizo hii akae na mfinyanzi, akanyage udongo, abebe kuni, aone chungu cha wiki nzima kikipasuka motoni. Akirudi wiki inayofuata kukanda tena, mpe nauli ya Kampala akaonane na mkuu wa idara. Akianza kutafuta sababu za kubaki nyumbani, semista ya nne ya grafiki inamsubiri.